Mwajiri wangu anataka safari ya uwindaji: Limpopo au Rungwa?

Mhasibu wa Houston (mwanzilishi wa uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni Mtanzania ninayeishi Houston, Marekani, na ninafanya kazi ya uhasibu katika kampuni ndogo ya vifaa vya ujenzi. Mwajiri wangu ni mzee wa miaka 61 ambaye amewinda paa wa kwao tangu utotoni, na kwa kuwa anajua kwamba nimetoka Singida, amenikabidhi kazi ambayo sikuiomba: nimsaidie kupanga safari ya uwindaji ya mwaka ujao.

Mezani kwangu kuna barua mbili. Ya kwanza imetoka Limpopo, Afrika Kusini, na inampa siku 7 katika shamba la wanyamapori, awinde tandala mkubwa, swala pala, ngiri na nyumbu. Ya pili imetoka Tanzania, kitalu cha uwindaji cha upande wa Rungwa, siku 10, nyati pamoja na wanyama wengine wachache, kwa bei inayozidi ile ya kwanza zaidi ya mara tatu. Nilipomuuliza hasa anataka nini, alinijibu kwa neno moja: "Afrika." Juzi ameongeza kwamba angependa pia kumwona simba, na mimi sikuthubutu kumuuliza kama kumwona huko ni kwa macho au kwa bunduki.

Nilikulia Itigi, jirani kabisa na mapori hayo, lakini uwindaji wa wageni sisi tuliufahamu kwa vumbi la magari yao na kwa nyama iliyoletwa kijijini siku mojamoja. Naomba mwenye uzoefu anieleze nianzie wapi na nizilinganishe vipi barua hizi, maana kwa macho ya mhasibu jibu ni Limpopo, na nina wasiwasi kwamba macho ya mhasibu hayatoshi.

Mzee wa Kitalu

Mwanangu, wasiwasi wako ni wa haki. Nimekaa kwenye kambi za uwindaji misimu 22. Nilianza kwa kubeba maji ya kuogea wageni, nikawa mfuata nyayo, nikamalizia nikiwa msimamizi wa kambi, na sehemu kubwa ya misimu hiyo ilikuwa Rungwa na Kizigo, mapori ya akiba yanayoungana na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Limpopo sijawahi kufanya kazi, kwa hiyo huko nitamwachia mwenye kupajua.

Weka kando barua zote mbili kwanza. Mgeni anayesema anataka "Afrika" bado hajaanza kupanga. Kinachopangwa ni mnyama. Akishamtaja mnyama mmoja anayemtaka kuliko wote, mnyama huyo ndiye atakayechagua nchi, mwezi, idadi ya siku, bunduki na makaratasi, na bei itajitokeza yenyewe mwishoni. Wageni wengi hufanya kinyume chake: huanza na bei, wakachukua siku walizoziweza, halafu wakifika kambini ndipo wanamweleza mwindaji bingwa, yule mwenye leseni anayewaongoza, ndoto yao, na ndoto hiyo haimo ndani ya siku walizolipia.

Chukua simba. Kwa Tanzania, simba amezoeleka kuwekwa kwenye safari ya siku 21, na anayeruhusiwa ni dume aliyekomaa, wa umri wa miaka 6 au zaidi. Siku hizo nyingi zina kazi. Chambo hutundikwa mtini, huburutwa ili harufu ienee, hukaguliwa kila alfajiri, na simba akishakula ndipo unaanza kumsoma: manyoya ya shingoni, makovu ya usoni, na pua. Pua ya simba kijana ni ya rangi ya waridi, na kadiri miaka inavyosonga huingia madoadoa meusi. Watafiti waliofanya kazi Serengeti pamoja na mtaalamu wa simba Craig Packer walichapisha mwaka 2004 kwamba weusi unapofika karibu nusu ya pua, dume huyo ana miaka 5 au zaidi. Sasa fikiria kumsoma mnyama pua kwa darubini, saa kumi na mbili na robo asubuhi, yeye akiwa amezamisha uso kwenye paja la kiboko. Kuna simba tuliokaa nao siku nne, na siku ya nne tukawaacha waende zao kwa sababu hatukuwa na uhakika. Mwenye siku 10 hawezi kumudu subira hiyo, na asiyekuwa na subira hiyo hafai kumpiga simba.

Kwa hiyo muulize mwajiri wako swali ulilolikwepa. Kama ni kumwona kwa macho, amalizie safari yake kwa siku tatu ndani ya Ruaha, na hapo hakuna tatizo lolote. Kama ni kwa bunduki, barua zote mbili ulizonazo hazifai.

Mhasibu wa Houston

Shikamoo mzee wangu, na ahsante. Nimemuuliza. Simba ni wa kuonwa kwa macho. Mnyama anayemtaka kuliko wote, baada ya kufikiri siku mbili, ni tandala mkubwa, kwa sababu aliwahi kuona pembe zake ukutani kwa jirani alipokuwa mtoto. Nyati anamtamani pia, ila ananiambia kwa sauti ya mtu anayeona haya. Je, hii inamaanisha kwamba Limpopo imeshinda?

Binti wa Polokwane

Dada, salamu kutoka Polokwane, huku Limpopo, ambako nimeishi mwaka wa 12 sasa, na ambako mume wangu huendesha gari la kuwachukua wawindaji uwanja wa ndege na kuwafikisha mashambani, upande wa Waterberg na Lephalale. Ninayajua mambo haya zaidi kwa upande wa makaratasi na simu za saa nane za usiku.

Nyika ya huku, ambayo Waafrikana huiita Bosveld, si kama miombo ya kwenu. Ni vichaka vya migunga, mopani na ming'ong'o, vyenye miiba inayoshika nguo kila hatua tatu. Sehemu kubwa imo ndani ya uzio wa mashamba ya watu binafsi, na sheria ya mwaka 1991 inampa mwenye shamba lililozungushiwa uzio unaokubalika haki juu ya wanyama waliomo. Hapo ndipo inapotoka tofauti ya bei. Huku mgeni ananunua mnyama wa mtu, wakati Tanzania mnyama ni wa umma na pori lenyewe halina mwisho. Kwa hiyo swali la kwanza la kuiuliza kampuni ya Limpopo ni hili: uzio umezunguka hekta ngapi, na tandala hao wamezaliwa humo au waliletwa kwa lori mwezi uliopita? Mashamba mazuri yanajibu bila kukasirika. Tandala, kwa bahati nzuri, huruka uzio wa kawaida wa ng'ombe kana kwamba haupo, kwa hiyo katika maeneo mengi ya Limpopo wapo hata kwenye mashamba ambayo hayakuwafuga.

Mwezi ni Juni, au mwishoni mwa Mei. Wakati huo madume wakubwa, ambao miezi mingine hujificha, hufuata majike, na majani yameanza kupukutika kiasi kwamba unaweza kuona umbali wa kutosha. Lakini mwambie mwajiri wako asidanganywe na neno Afrika. Jua la Juni linachomoza karibu saa moja asubuhi, na ukikaa nyuma ya gari la wazi kabla ya hapo utatamani blanketi mbili na kofia ya sufu. Tulimpokea bwana mmoja aliyekuja na kaptura tano na shati moja la mikono mirefu.

Kisheria, mgeni wa kutoka nje lazima aandamane na mwindaji bingwa mwenye leseni, na safari yake iandaliwe na mwandalizi aliyesajiliwa na jimbo. Omba nakala za leseni zote mbili, na mkataba utiwe saini kabla ya kuwinda.

Kuhusu bunduki, anaweza kuja na yake au akakodi. Akija na yake, atajaza fomu ya polisi inayoitwa SAP 520, kwa wino mweusi, na asiitie saini mpaka awe mbele ya ofisa pale uwanja wa ndege wa OR Tambo. Kabla ya kuondoka Marekani aipeleke bunduki forodhani kwao apate fomu ya 4457, kwa sababu hiyo ndiyo wanayoitazama huku kama uthibitisho kwamba bunduki ni yake. Risasi zikae kwenye kisanduku chake chenye kufuli, na mashirika mengi ya ndege hayakubali zaidi ya kilo 5. Mume wangu, ambaye ameshakaa saa nyingi kwenye ile ofisi ya polisi akisubiri, anasema angekuwa yeye, kwa safari ya siku 7 ya tandala na swala, angekodi.

Mzee wa Kitalu

Binti yangu wa Polokwane amesema vizuri kuliko ambavyo ningesema mimi. Nitaongeza mambo mawili.

La kwanza ni kwamba Rungwa nako tandala wapo, na ni wakubwa. Lakini mtu halipi gharama za Rungwa kwa ajili ya tandala peke yake. Rungwa unalipia nyati wa porini asiyejua uzio, palahala na korongo, hao swala wakubwa ambao ni wanyama wa miombo hasa, na unalipia ukimya wa kambi ambayo jirani yake wa karibu yuko mwendo wa saa mbili kwa gari. Kama mwajiri wako ana tamaa ya nyati kwa kweli, na si kwa sababu rafiki yake wa Texas alimpiga mmoja, basi aje mara mbili: mwaka ujao tandala, na baada ya mwaka au miwili nyati. Mwanzo wa Limpopo utamfundisha kupiga akiwa ameegemeza bunduki kwenye vile vijiti vitatu vya kulengea, jambo ambalo wageni wengi hawajawahi kulifanya kabla ya kufika, na ambalo haliwezi kujifunzwa mbele ya nyati.

La pili ni namna ya kuzisoma barua hizo, na hapa ndipo macho yako ya mhasibu yanapohitajika. Bei ya safari ina sehemu mbili. Kuna ada ya siku, ambayo ni ya kambi, chakula, gari, mwindaji bingwa na watu wake, na hulipwa hata kama hukumwona mnyama. Kuna ada ya nyara, ambayo ni ya kila mnyama aliyepigwa. Kwa Tanzania ongeza ada za serikali: leseni ya uwindaji, kibali cha silaha, ada ya uhifadhi ya kila siku, na ada ya kila mtu anayeandamana na mwindaji bila kuwinda, kama vile mke. Kampuni moja inaweza kukuandikia jumla ndogo kwa kuziacha ada hizi chini kabisa kwa herufi ndogo, na nyingine ikakuandikia jumla kubwa iliyobeba kila kitu pamoja na ndege ndogo ya kutoka Arusha au Dar es Salaam. Ziweke zote kwenye jedwali moja kabla ya kusema ipi ni ghali.

Kisha tafuta sentensi inayosema juu ya mnyama aliyejeruhiwa. Kote kuwili, Limpopo na Tanzania, kanuni ni moja: damu ikidondoka, umelipia. Hata asipopatikana.

Fundi Redio

Mzee, samahani, hilo la damu linaonekana la kikatili kwa mteja. Mtu alipe kitu ambacho hakukipata?

Mzee wa Kitalu

Ndugu yangu, ngoja nikueleze kisa kimoja, kisha uamue ukatili ulikuwa wa nani.

Ilikuwa Septemba, wakati mito imebaki mabwawa na nyati hawawezi kukaa mbali na maji. Mgeni alikuja na bunduki nzuri ya .375, ambayo ndiyo kaliba ya chini kabisa inayokubalika kwa nyati, na kwenye kisanduku chake kulikuwa na kovu la kuangushwa mahali fulani safarini. Siku ya kwanza kambini huwa tunaweka karatasi kwenye mti, hatua 50 na hatua 100, mgeni apige risasi tatu au nne ili tujue kama darubini ya bunduki haikuhama. Mgeni huyu alipiga moja, ikaenda pembeni kiganja kizima, akasema ni yeye aliyetetemeka, si bunduki, na kwamba risasi alizonazo si za kupoteza kwenye karatasi. Mwindaji bingwa wetu alikuwa kijana, na mgeni alikuwa mtu mzima mwenye sauti. Akamwachia.

Siku ya tatu tulifuata madume matatu wazee, wale mbogo wanaotengwa na kundi, wenye matope yaliyokauka mgongoni na pembe zilizoshikana kipajini kama gogo. Tuliwafuata kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Mfuata nyayo aliyekuwa mbele, mzee wa Kikimbu, alishika kimfuko cha kitambaa chenye majivu, akawa anakitikisa kila baada ya muda mfupi tuone majivu yanaelekea wapi, na mara mbili upepo ulipogeuka tulirudi nyuma tukazunguka. Mgeni alikuwa na viatu vipya. Kufikia saa nne alikuwa anakanyaga kwa ukingo wa mguu. Tulipowafikia walikuwa wamelala kivulini, hatua 80 hivi, na badala ya kusogea zaidi kama tulivyopaswa, vijiti vikawekwa hapo hapo.

Risasi ililia na nyati alishtuka kwa nyuma, akajikunja. Mzee wa Kikimbu hakusema kitu. Alikwenda mahali alipokuwa amesimama mnyama, akachuma jani, akalinusa, akanipa. Damu ya mapafu ni nyekundu nyepesi yenye mapovu. Hii ilikuwa nzito, karibu nyeusi, imechanganyika na majani yaliyotafunwa. Ya tumboni.

Tulimfuata nyati yule siku ile yote na siku iliyofuata yote, ndani ya vichaka ambavyo mtu haoni hatua kumi, na tunajua sote kwamba nyati wa namna hiyo hugeuka akangoja pembeni mwa njia aliyopita. Siku ya tatu ya kumfuata tuliona tai. Fisi walikuwa wameshamaliza, na kichwa kilikuwa hakifai. Mgeni alilipa, na askari wa wanyamapori aliyekuwa nasi, maana kila safari Tanzania lazima iwe na askari wa serikali, aliandika kwenye leseni kwamba nyati mmoja amekwishapigwa. Siku nne zilizobaki mgeni alikaa kambini miguu ikiwa kwenye beseni la maji ya chumvi.

Sasa, Fundi Redio, kama isingekuwa kanuni ile, mgeni angelala usingizi usiku wa kwanza na kesho yake akaomba nyati mwingine.

Nyikani Kajiado

Nimesoma uzi huu kwa makini na naheshimu uzoefu wa Mzee, lakini acheni nami niseme. Kenya ilifunga uwindaji mwaka 1977, na sisi tuliozaliwa baada ya hapo hatuoni kwamba tulipoteza kitu. Tembo wakubwa wa Amboseli, wanaojulikana mmoja mmoja na watafiti kwa miaka, walianza tena kupigwa wakivuka kuingia upande wa Tanzania mwaka 2023, na kilichotuuma zaidi ni kwamba mnyama aliyepigwa picha na maelfu ya watu aliishia kwa mtu mmoja. Dada, mbona humshauri mwajiri wako aje na kamera?

Mzee wa Kitalu

Kijana wangu wa Kajiado, kwa tembo wale sitakupinga. Ningekuwa na sauti, pasingepigwa tembo karibu na mpaka ule. Na tulifunga pia sisi, mwaka 1973, tukafungua tena 1978, kwa hiyo si kwamba jambo hili hatukuwahi kulijadili. Eneo kubwa la kaskazini mwa Pori la Akiba la Selous liligeuzwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019 na uwindaji ukaisha humo, na mimi sikulia.

Lakini njoo Rungwa mwezi wa Oktoba. Joto linapanda, mbung'o wanapita kwenye shati mpaka nyama, na unaweza kuendesha gari asubuhi nzima ukaona ngiri wawili. Mwenye kamera hakai huko siku mbili. Anayekaa ni yule anayefuata nyayo za mnyama mmoja. Nimeona pia kitalu kilichokosa mwekezaji misimu miwili: tulipopita tena tulikuta matanuri ya mkaa na njia za ng'ombe mahali ambapo palikuwa na palahala. Sisemi kila kitalu kinasimamiwa kwa haki, wala kwamba kila mgao wa wanyama uliwahi kuhesabiwa kwa uaminifu. Nasema tu nilichokiona. Na mjadala huu unastahili uzi wake, maana huyu dada ana tarehe ya kulipa.

Mchunaji Mstaafu

Wakuu, mimi nilikuwa mchunaji wa ngozi kambini, na watu hupanga safari nzima bila kufikiria kazi yetu, kisha baada ya mwaka wanaandika barua za kulalamika kwamba manyoya yamenyonyoka.

Mwajiri wako aamue kabla ya kusafiri kama anataka kichwa na mabega kwa ajili ya ukutani, au pembe na fuvu tupu. Kama ni kichwa na mabega, ngozi hukatwa nyuma kabisa ya bega, si shingoni, na tandala ana ndevu ndefu za kooni ambazo zikiguswa na kisu hazishoneki. Kwa Tanzania hapa pana jambo la adabu. Katika kambi nyingi wako Waislamu, nao hawali nyama ya mnyama asiyechinjwa. Mnyama akianguka akiwa bado hai, mmoja wao atamkimbilia na kisu, na kisu hicho kikipita juu ya koo kitaiharibu ngozi ya ukutani. Sisi tulikubaliana mapema, mbele ya mgeni, kwamba mnyama wa ukutani atachinjwa chini kabisa, karibu na kidari, na mwingine kwa kawaida. Mgeni akielezwa hakasiriki. Mgeni asiyeelezwa hupiga kelele, na mtu mzima aliyefunga Ramadhani akafokewa mbele ya vijana hasahau.

Baada ya hapo ni chumvi. Masikio hugeuzwa nje ndani kama soksi, midomo hupasuliwa, macho husafishwa, na chumvi husuguliwa mpaka kila kona. Sikio lisipogeuzwa, chumvi haifiki, na baada ya siku mbili manyoya yanatoka mkononi. Mwulize mwandalizi wako anakausha ngozi wapi, kivulini au juani. Akijibu juani, tafuta mwingine.

Nyara hazirudi na mgeni kwenye ndege. Tandala, swala pala na nyumbu hawamo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa hiyo makaratasi yao ni mepesi, ila bado zipo taratibu za mifugo za Marekani, na wakala wa kupokea mzigo huko anapaswa kupatikana kabla. Chui ni habari nyingine: Tanzania ina mgao wa chui 500 kwa mwaka chini ya mkataba huo, na kila ngozi ina lebo yake na inahitaji kibali cha pande zote mbili. Simba naye, tangu Januari 2016, Marekani inamtaka mwenye nyara awe na kibali chao. Kwa vyovyote vile ahesabu miezi mingi, na gharama ya kusafirisha aiweke kwenye jedwali lako tangu sasa, kwani haimo kwenye barua hata moja kati ya hizo mbili. Nimebashiri tu, lakini nakuhakikishia haimo.

Mhasibu wa Houston

Haimo. Nimetazama tena sasa hivi.

Wakuu wote, nimefanya jedwali kama Mzee alivyoelekeza, na limenishangaza. Barua ya Limpopo, ukiongeza kukodi bunduki, kuchovya ngozi kwenye dawa na kuzifungasha, kusafirisha, na bakshishi, inapanda karibu kwa nusu ya bei ya mwanzo. Ya Rungwa nayo inapanda, ingawa kwa kiwango kidogo zaidi, kwa sababu ilikuwa imeshabeba ada nyingi za serikali. Nimempelekea mwajiri yote, pamoja na kisa cha nyati wa Septemba nilichomtafsiria mwenyewe. Alikisoma mara mbili, kisha akasema tuandike barua ya Limpopo, ila siku ziwe 10 badala ya 7, na orodha ya wanyama ipunguzwe wabaki tandala na swala pala. Nadhani hapo ameelewa ulichokuwa unasema kuhusu siku.

Nimebakiwa na maswali mawili. Bakshishi hutolewaje huko? Na Rungwa ya mwaka wa baadaye, nimwandikie sasa yule mwandalizi au nisubiri?

Binti wa Polokwane

Siku 10 kwa tandala ni uamuzi wa busara, dada. Bakshishi hutolewa siku ya mwisho, kila mtu kwa bahasha yake na kwa mkono wa mgeni mwenyewe. Mwulize mwindaji bingwa kiwango cha kambi, na msisahau watu wa jikoni na anayefua nguo, ambao mgeni huwaona mara chache. Kwa huku randi zinafaa kuliko dola, kwa sababu mfua nguo wa Vaalwater hana mahali pa kubadilishia noti ya dola 100. Na nyama, ili asishangae, hubaki kwa mwenye shamba. Atakula minofu ya tandala wake jioni, lakini kubeba hata kipande kimoja kwenda Marekani hairuhusiwi.

Mzee wa Kitalu

Mwandikie sasa, lakini usilipe. Uliza jina la kitalu, kisha uliza muda uliobaki wa umiliki wa kampuni hiyo kwenye kitalu hicho, maana tangu mwaka 2019 vitalu vingi vimekuwa vikitolewa kwa mnada wa kielektroniki unaoendeshwa na TAWA, mamlaka ya serikali ya usimamizi wa wanyamapori, na hutaki kulipia safari ya mwaka ambao kitalu kitakuwa mikononi mwa mwingine. Uliza mgao wa nyati uliobaki kwa msimu huo. Uliza atakuwa na mwindaji bingwa gani, kwa jina, na jina hilo liandikwe kwenye mkataba. Mwezi achague kati ya Agosti na Septemba: Julai msimu unapofunguliwa majani bado ni marefu, na Oktoba joto litamwonea mtu wa miaka 63.

Nguo ziwe za rangi ya udongo au kijani kilichofifia. Asilete kitu cha buluu wala cheusi, kwa sababu mbung'o huzifuata rangi hizo, na ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo hizo. Mabegi yawe laini, ndege ndogo hazina nafasi ya masanduku. Akate bima inayogharamia kutolewa porini kwa ndege. Ajue pia kwamba Tanzania kupiga ukiwa kwenye gari, au ndani ya mita 200 kutoka kwenye gari, ni kosa, kwa hiyo atatembea, na atatembea sana.

Mhasibu wa Houston

Ahsante mzee wangu, nimeyaandika yote. Ameniuliza swali moja tu la ziada, nami nimeahidi kukuuliza: viatu anunue aina gani?

Mzee wa Kitalu

Aina yoyote ya ngozi laini, inayofunika kifundo, yenye soli isiyopiga kelele kwenye majani makavu. Anunue wiki hii, na aanze kuvivaa kuja navyo ofisini.